Karatasi Isiyo na Maneno Yake

Mwanangu hajawahi kuniletea karatasi ambayo yeye mwenyewe hana la kusema ndani yake. Kwa hiyo ile Jumatano, aliponiwekea karatasi mbili mezani na kunisogezea miwani, nilianza kwa kutafuta maneno yake. Sikuyaona. Nikageuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Ya kwako yako wapi?" nikamuuliza.

"Safari hii mimi sina, Mama. Unasema wewe tu."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Mimi nasikiliza." Akatoa simu mfukoni, akaisimamisha kwa kuiegemeza kwenye birika la chai, kioo kikinitazama mimi. "Nataka nisikie sauti inavyokaa."

Nikamwambia macho yamechoka, aniachie nizisome polepole, arudi Ijumaa. Akazitazama karatasi kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani asiyemjua vizuri. Kisha akakubali, akanibusu kichwani, akaondoka bila kumaliza chai.

Meza hiyo ndiyo iliyomlea. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma kwa sauti nilikuwa hodari, na mwanangu alilijua hilo tangu mdogo. Alipokuwa anasomea sheria alikuja na kesi zake za mazoezi. "Mama, leo wewe ni shahidi." Basi mimi nakaa kiti cha dirishani, yeye anasimama upande wa pili, mikono nyuma. Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Taa ilikuwa inawaka? Ulikuwa umevaa miwani? Nikijikanyaga anapiga meza kwa kiganja, "Umeanguka, Mama!" na tunacheka mpaka chai inapoa. Akawa wakili kwa miaka tisa, na nguo zake nyeusi nilizipiga pasi mimi, kwa sababu mkewe alikuwa anaziunguza kola.

Watu wakamwambia mdomo kama ule unapotea bure mahakamani, agombee ubunge. Akaja na hotuba. "Mama, leo wewe ni umati." Nikawa umati. Tena alitaka umati mkorofi. "Barabara iko wapi?" nampigia kelele. "Ulikuja ukala, ukaondoka!" Jirani akapanda ndoo kuchungulia juu ya ukuta, akauliza kama tunapigana. Akashinda. Miaka mitano watu walimwita Mheshimiwa, na uchaguzi uliofuata wakamwangusha kifo cha mende. Miezi sita mtoto wangu alimwagilia maua amevaa tai.

Ndipo akaja mtu wa televisheni. Alitaka mtu anayejua kusimama kama wakili, kwa dakika mbili tu, katika tamthilia yao. Dakika mbili zikawa miaka mitatu. Sasa hivi nchi nzima inamwita Baba Subira, yule mjane anayelea mabinti watatu na hapandishi sauti hata siku moja. Wanawake wanamsimamisha barabarani wanalia. Mimi nikienda hospitali naachiwa kiti. Na mezani bado nilimsomea upande wa pili: nimekuwa binti mkubwa, nimekuwa mama mkwe, na kuna siku nilibweka, kwa sababu palikuwa na mbwa.

Kwa hiyo karatasi za maigizo nazijua. Zina matundu pembeni, zina namba ya onyesho juu, zina maneno kama ANAINGIA na ANAKETI. Hizi mbili hazikuwa na tundu wala hakuna aliyeingia. Alhamisi asubuhi nilizitandaza mezani, nikasoma kwa kidole.

*1. Kwamba mimi ni mama mzazi wa aliyetajwa hapo juu.*

*2. Kwamba siku ya Jumapili, tarehe kumi na nne, mwanangu alifika kwangu saa sita mchana akiletwa na dereva wake.*

*3. Kwamba dereva aliondoka na gari peke yake mnamo saa tisa.*

*4. Kwamba mwanangu alikuwa nami nyumbani muda wote hadi dereva aliporudi saa kumi na moja, gari likiwa limevunjika kioo cha pembeni.*

Zikaendelea kwamba, kwamba, kwamba, mpaka tisa. Baba Subira hawahesabii watu maneno yao kwa namba. Wakili ndiye anayehesabu. Na chini kabisa, baada ya ile ya tisa, palikuwa na mstari wa nukta nukta, kisha nafasi ya tarehe. Nikajiuliza, ni mchezo gani huu unaomalizika kwa sahihi?

Mkono ukizoea kazi hufanya hata usipotumwa. Nadhani aliandika bila kujitazama.

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Jumapili ya tarehe kumi na nne niliikumbuka. Nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani nachambua mchele. Redio ilikuwa imemaliza taarifa ya habari ya saa kumi na moja na imeanza matangazo ya vifo. Gari la mwanangu likaja, lakini halikusimama getini kama siku zote. Lilisogea mpaka ukutani, ubavu wa kushoto ukiwa karibu kugusa matofali. Akashuka yeye, mlango wa dereva. Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Kioo cha pembeni kilikuwa kinaning'inia kwa waya kama jino la mtoto. Alikunywa maji vikombe vitatu amesimama. "Nimegonga nguzo ya geti la watu," akasema. Nikamwambia pole. Jumapili dereva wake huwa hafanyi kazi, kwa hiyo sikuuliza dereva yuko wapi.

Jumatatu tukasikia kwamba mwashi mmoja, aliyekuwa anarudi na baiskeli yake kwenye barabara ya kiwandani, aligongwa Jumapili saa kumi na gari likakimbia. Tukasikia tena kwamba dereva wa Baba Subira amejipeleka mwenyewe polisi. Siku ya nne mwashi akafa.

Na mimi? Mimi nilisema moyoni, labda dereva alilichukua gari kwa siri, labda saa za watu hazilingani, labda nguzo ilikuwa nguzo kweli. Moyo wa mama una milango mingi ya uani. Nilikuwa bado natokea milango hiyo mpaka niliposoma namba nne.

Mchana huohuo mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa mke wa dereva. Dereva huyu tunamwita Kimya, maana anaweza kukupeleka safari ya saa nne na asiseme ila "tumefika". Mkewe ni mshonaji wa sare za shule, na alikuja na utepe wa kupimia shingoni, ametoka moja kwa moja kwenye cherehani.

"Shikamoo, Mama. Sikuja kugombana."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Anayekuja kugombana hagongi mara tatu."

Hakukaa. "Jumapili Kimya alikuwa nyumbani. Alikuwa chini ya cherehani yangu tangu asubuhi, anatengeneza kanyagio. Mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nimesema hivyo kituoni. Unajua wameniambia nini? Mke atasema nini kingine!"

"Na kwa nini alijipeleka?"

Hapo akakaa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mteja ambaye nguo yake haijawa tayari.

"Mheshimiwa alikuja kwetu Jumatatu alfajiri. Hatuna viti vya wageni, alikaa kitandani. Akasema, Kimya, yule mtu amevunjika mguu tu. Mimi nikiingia ndani, tamthilia inasimama, watu arobaini wanakosa kazi. Wewe ukiingia, nakutoa mimi mwenyewe kwa siku mbili, mimi ni wakili. Na akalia, Mama."

"Alilia vipi?"

Akanitazama kwa mshangao. Kisha akaelewa ninachouliza, na akafikiri kabla ya kujibu, maana ni mtu wa haki.

"Alilia vizuri," akasema. "Kama kwenye televisheni."

Nikavua miwani, nikaiweka mapajani.

"Mwashi alipokufa Kimya akabadilisha maneno, akasema ukweli. Askari walicheka! Baba Subira? Agonge mtu akimbie? Wakamwambia asimchafulie mzee wa watu jina." Alivuta utepe shingoni akawa anauzungusha kidoleni. "Sasa mimi nauliza tu. Nyumba hii inatazama barabara. Kama kuna mtu aliliona gari likija, na aliona nani anashuka..."

"Una uhakika gani kwamba lilikuja hapa?"

"Sina. Lakini mtu akiogopa huenda wapi, Mama? Si kwa mama yake?"

Nilimpa chai, akainywa haraka ikiwa ya moto, akaondoka. Na mimi, aibu yangu niiseme, nilianza kumshuku yeye. Labda wamepanga mke na mume. Labda grisi ni ya jana yake. Nilimshuku yeye, nikamshuku Kimya, nikalishuku jicho langu la kushoto lenye mtoto wa jicho. Mtu mmoja tu ndiye niliyekuwa namzunguka mbali, kama mtu anayefagia na kuacha pembe moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa saa tisa mwanangu akaja. Alileta mkate na machungwa. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijivu ya Baba Subira, na sweta ile huwa haitoki studio. Akaiegemeza simu kwenye birika.

"Umezisoma, Mama?"

"Nimezisoma. Ila sijalielewa jambo. Kabla sijasema, tubadilishane. Leo wewe shahidi, mimi wakili."

Akacheka. "Mama bwana! Umezeeka umekuwa mtundu."

"Kaa kiti cha dirishani."

Akakaa. Mimi nikasimama upande wake, mikono nyuma, ingawa magoti yalinikataza.

"Mchezo huu unaitwaje?"

"Haujapata jina."

"Mwongozaji ni nani?"

"Mgeni. Humjui."

"Huyu mama wa kwenye mchezo ana watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Na huyo mmoja yuko hapo anasikia mama yake anavyosema?"

"Yupo. Ananyamaza tu. Ndiyo uzito wa onyesho lenyewe, Mama, ule ukimya."

"Mwaka jana ulimnunia mwandishi wiki nzima kwa sababu alikupunguzia sentensi moja. Sentensi moja, mwanangu, ya kuomba chumvi! Leo umekubali kukaa bubu karatasi mbili nzima?"

Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaliacha.

"Shahidi ajibu," nikasema.

"Mama, tusome tu."

"Ile Jumapili ulishuka mlango upi wa gari?"

Alinyoosha mkono akaizima simu. Mkono ule ndio ulionijibu, mdomo ulikuja nyuma yake.

"Jua lilikuwa usoni," akasema. Sauti ilishuka. "Lile la saa kumi, unalijua. Sikumwona. Nilisikia tu. Nikasimama, Mama, nilisimama! Nikaona kwa mbali watu wanakimbia kuja, hawajafika kuniona uso, na mmoja akapiga kelele, gari la Baba Subira! Wakaanza kutoa simu zao. Alikuwa hajaangaliwa yule mtu wa chini, mimi ndiye naangaliwa. Mguu ukakanyaga wenyewe."

"Na Kimya?"

"Kimya alikubali mwenyewe."

"Alikubali mguu uliovunjika. Maiti hakuikubali."

Akaanza kulia. Nilimtazama kama ninavyotazama maziwa jikoni, bila kupepesa. Machozi yalikuja, pua ikawa nyekundu, mabega yakashuka. Nilimzaa mimi, nilimfuta pua hiyo kwa kanga yangu, na sikuweza kujua. Nilitafuta mahali pa kushika, palipo pa mwanangu tu, pasipo pa wakili wala Mheshimiwa wala huyo mwingine mwenye sweta. Miaka yote mimi ndiye niliyemwambia, "Hapo hujalia vizuri, rudia." Nani sasa wa kumlaumu?

"Watanifunga, Mama," akasema. "Utaniona kwa dirisha la waya."

"Mwenzio anaonwa kwa dirisha hilo leo."

Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. Alipotoa mkono, aliyekuwa pale alikuwa wakili, nikamwona kabisa. "Sawa. Usiseme maneno haya. Usiseme lolote. Hakuna atakayekuuliza, na hakuna sheria inayomlazimisha bibi wa miaka sabini na tatu aende kituoni kwa miguu yake. Kukaa kimya si kosa."

"Nimekaa kimya siku kumi na mbili. Najua kunavyokaa."

"Basi nipe karatasi zangu."

"Zimeshakaa kwangu."

Hapo alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kutoka miwani mpaka viatu, taratibu, akipima, na nikajua hivi ndivyo alivyokuwa anawatazama mashahidi wa upande mwingine. Kisha akachukua simu yake, akaondoka. Machungwa akayaacha.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilimpitia mke wa Kimya, tukaenda kituoni. Nilivaa viatu vya kufunga kwa sababu niliogopa miguu itageuza njiani. Mpelelezi alikuwa kijana wa kike mwenye mwandiko mzuri. Niliposema mimi ni nani alisimama.

"Shikamoo, Bibi! Wewe ndiye mama wa Baba Subira? Jamani! Msalimie sana! Mama yangu hali Alhamisi mpaka amwone."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa uandike."

Akakaa akicheka. Nikamweleza mchele, redio, matangazo ya vifo, gari lilivyojibanza ukutani, mlango aliotoka, kiti cha pili kilichokuwa kitupu, kioo na waya wake, vikombe vitatu vya maji. Kufikia kikombe cha pili alikuwa hacheki tena. Kalamu ilisimama.

"Bibi, unaelewa unachokisema? Nikiandika haya, kesho jina lako limo kwenye jalada."

"Andika. Na kile kioo andika cha kushoto."

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na zile karatasi mbili zilikuwa ndani. Sikuzitoa. Niliulizwa nilichokiona, nikasema nilichokiona. Kile alichotaka mwanangu nikiseme nilikibakiza. Mama naye ni mtu. Mpelelezi akanisomea yote tangu mwanzo, nikatia sahihi kwa jina langu refu, na mke wa Kimya aliyekuwa kwenye benchi la nje alipotuona tunatoka alisimama. Alinishika mkono tu akaubana.

Nilipofika nyumbani mwanangu alikuwa amekaa mezani. Ana ufunguo wake. Hakuwa na sweta, alivaa shati jeupe ambalo halikupigwa pasi.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Umesema nilishuka mlango upi?"

"Wa dereva."

"Saa?"

"Habari ilikuwa imekwisha. Vifo vilikuwa vimeanza."

"Na umbali, kutoka kiti chako mpaka ukutani?"

"Hatua kumi na nane. Nilizipima jana ulipoondoka."

Akafumba macho. Nilimwona anazunguka maneno yangu kama fundi anayezunguka nyumba akitafuta panapovuja.

"Na karatasi?"

"Hazikutoka mkobani."

Akashusha pumzi. "Hawataweza kukuangusha, Mama," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au alikuwa anasikitika kwamba hakuna wa kunitikisa.

Akaomba shati lipigwe pasi. Nikalipiga, kola kwanza, halafu mikono, yeye akisubiri kwa fulana kama mtoto wa shule. Alipolivaa alikwenda kwenye kioo cha barazani akajitazama kwa muda, na hilo sikulipenda. Mtu anayekwenda kusema kweli anajitazama nini? Akaacha ufunguo wa gari juu ya meza, akatoka kwa miguu.

Nikakaa dirishani. Hakufika hata nyumba ya tatu kabla hawajamtambua. Mwenye duka akatoka, wanawake wawili wenye ndoo wakasimama, simu zikainuliwa. "Baba Subira! Baba Subira!" Akapunga mkono. Akatabasamu, nikaliona tabasamu kwa mbali, na moyo ukanipasuka kwa hasira, nikasema, hata leo? Hata leo anacheza?

Lakini mwisho wa barabara yetu njia ni mbili. Kulia ni stendi ya mabasi yaendayo mbali. Kushoto kuna ukuta mrefu wa rangi ya maziwa, na ndani ya ukuta ule hamna kingine ila kituo cha polisi. Alisimama pale kwenye kona, watu wakiwa nyuma yake, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Nilizihesabu.

Kisha akakata kushoto.